Kukarabati chemba ya kufurikia majitaka mahali pasipofikika: mwongozo kwa mafundi na wasimamizi wa Tanga

Chemba ya kufurikia ni ile yenye ukuta mfupi ndani yake. Siku za kawaida majitaka hupita kwenye mfereji kando ya ukuta huo na kuendelea na safari. Bomba la mbele likizidiwa, maji hupanda, huruka ukuta, kisha hutokea bomba la pili linaloelekea baharini au mtaroni. Si jambo la kujivunia, lakini bila chemba hiyo maji yangetokea kwenye vyoo vya nyumba zilizo chini.

Anayepewa kazi ya kuikarabati huanza kuuliza bei ya bomba. Bomba ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye kufika ilipo chemba, kukaa humo ukiwa hai, na kutoka kabla bahari haijarudi. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye mambo yanayotangulia saruji.

Kwanza, inafurika kwa nini?

Chemba hii ikimwaga majitaka katikati ya kiangazi, jua linawaka, ujue kuna ugonjwa mahali pengine. Huenda njia ya mbele imejaa mchanga, mafuta ya jikoni na matambara. Huenda ukuta umevunjika juu. Huenda pampu ya kituo cha mbele imezimika. Au bahari yenyewe inaingia kwa mlango wa nyuma. Ukikarabati chemba bila kujua ni lipi kati ya hayo, utaacha chemba nzuri inayofurika vilevile.

Kipo kipimo cha bei ndogo kuliko vyote. Chukua kipande cha ubao cha ukubwa wa kiganja, kifunge uzi, kilaze juu ya ukuta wa kufurikia, mwisho wa uzi uufunge chini ya mfuniko. Haya yote unayafanya kutoka juu, kwa mti mrefu, bila mtu kushuka. Kila asubuhi fungua utazame. Ubao ukiwa mahali pake, maji hayakuruka. Ukiwa unaning'inia, yaliruka. Andika tarehe, andika kama mvua ilinyesha, na andika mwezi ulikuwa wa siku ngapi. Endelea hivyo mwezi mzima.

Daftari hilo litakueleza mengi. Ubao ukianguka siku za mvua tu, maji ya mvua yanaingia kwenye mfumo: mtu kaelekeza bati lake kwenye chemba ya uani, au mfuniko wa barabarani umevunjika na unakunywa maji ya mtaro. Ukianguka siku kavu bila mpangilio, tafuta kizuizi mbele. Lakini ukianguka siku za bamvua peke yake, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, basi ni bahari inayopanda bombani. Thibitisha kwa kipima chumvi, kile kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na usimruhusu mtu akuambie anatambua kwa kuonja.

Kutafuta mfuniko

Ramani ya zamani, kama ipo, ichukue kama tetesi. Lami imewekwa juu ya lami, kibaraza kimejengwa, mfuniko umezama. Anza na chemba unayoiona, ipitishie kamera yenye kitoa mawimbi, mtu atembee juu na kipokezi akiweka alama za chokaa. Usipokuwa na kitoa mawimbi, kamera yenye kuhesabu mita, pamoja na utepe wa kupimia juu ya barabara, vitakufikisha karibu. Kisha gonga kwa mtaimbo. Penye chemba, ardhi huitikia kwa mlio wa utupu.

Na uliza wazee. Kwenye barabara za namba za Ngamiani, bibi aliyekaa nyumba moja miaka mingi anaweza kukumaliza kazi ya siku nzima kwa sentensi moja: "Mwanangu, hilo shimo mnalolitafuta ndilo nililowekea jiko." Usicheke. Mshukuru, kaa kwenye mkeka, ueleze kazi yenyewe polepole, kwa sababu kuanzia hapo unamhitaji yeye kuliko unavyomhitaji mhandisi.

Kuamua njia ya kuingilia

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Swali la kwanza liwe: je, kuna haja ya mtu kuingia kabisa? Kusafisha kunaweza kufanywa kwa mpira wa maji ya shinikizo kutoka chemba ya jirani. Kukagua kunafanywa kwa kamera. Bomba linaweza kuvalishwa bitana, yaani ngozi mpya ya ndani, kutokea chemba ya juu au ya chini bila kugusa ile ya katikati. Kila saa unayomwondoa mtu shimoni umenunua usalama kwa bei rahisi.

Mtu akilazimika kuingia, pima mdomo. Chemba nyingi za zamani zina mdomo mwembamba kiasi kwamba aliyevaa mkanda wa mwili mzima na chupa ya hewa mgongoni hapiti. Mdomo chini ya sentimita 60 usiukubali. Mtu mwembamba atashuka, ndiyo. Tatizo ni kumtoa akiwa amezimia, mikono imelegea, na viwiko vinakwama kwenye ukingo.

Hali tatu hujirudia, na kila moja ina dawa yake.

Chemba iliyo chini ya nyumba, jikoni au ukumbini. Ukifungua humo ndani, gesi inaingia wanakolala watu, na dari iko chini mno kusimamisha mhimili wa miguu mitatu wa kumvutia mtu juu. Ushauri wangu ni kutoitumia tena kama mlango. Chimba shimo jipya nje, kwenye uchochoro au kando ya barabara, juu ya bomba lilelile mita chache kabla ya nyumba, na ujenge humo chemba mpya yenye ukuta wake wa kufurikia. Ile ya zamani ibaki kuwa sehemu ya bomba: ipitishiwe bomba jipya ndani yake, nafasi inayobaki ijazwe zege jepesi, na sakafu ya bibi ifungwe moja kwa moja. Ni gharama zaidi mwanzoni. Lakini mfuniko ulio ndani ya nyumba ya mtu hautafunguliwa tena mpaka siku ya balaa.

Uchimbaji wenyewe una adabu zake. Mji wa Tanga umekaa juu ya jabali la matumbawe, na mahali pengine utakutana nalo kabla hujafika mita 2. Usikimbilie mashine kubwa ya kupasulia, kwa sababu mtikisiko hupasua kuta za nyumba za udongo na chokaa zilizosimama hatua mbili kutoka hapo. Piga picha nyufa zote za jirani kabla ya kuanza, mwenye nyumba akiwepo, tarehe ionekane. Kisha tumia nyundo ndogo ya upepo na tindo. Penye udongo laini, shimo likipita mita 1.2 weka mbao na mihimili ya kuzuia kingo. Mchanga wa pwani hauonyi kabla ya kuanguka.

Uchochoro usiopitisha gari. Gari la kunyonya likae barabarani, mipira ipite uchochoroni. Mpira wa shinikizo unaweza kwenda mita 80 au zaidi, ila kila mita inakula nguvu, kwa hiyo tumia wenye kipenyo kikubwa kwa sehemu ndefu na mwembamba mwishoni tu. Wa kunyonya ndio wenye masharti. Kimaumbile hakuna mashine inayovuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 10 hivi, na kwa majitaka yenye tope hesabu mita 6 au 7. Chemba ikiwa na kina kuliko hapo, shusha pampu ya kuzama chini isukume badala ya kuvuta. Na vifaa vyote vikatwe vipande vinavyobebeka na watu wawili. Tanga ni mji wa baiskeli. Mzigo unaokaa kwenye baiskeli ya mizigo utafika popote.

Mdomo wa kutokea baharini. Hapa njia ipo, ila inafunguliwa na kufungwa na mwezi. Nimeiandalia sehemu ya peke yake.

Saa ya kazi

Kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Bomba la kutokea lililo juu kabisa saa nne asubuhi linaweza kuwa limezama saa kumi alasiri. Chukua jedwali la maji la bandari ya Tanga, usikisie. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hupwa sana karibu na saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayapwi vya kutosha. Kazi ya mdomo wa bahari wiki hiyo iache.

Sasa kuna mgongano. Majitaka ya majumbani hupungua kati ya saa saba na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Bamvua nayo hupwa saa nne usiku, wakati watu ndio kwanza wanaoga na kuosha vyombo. Utamtumikia nani? Kwa chemba iliyo juu ya kiwango cha bahari, fuata usingizi wa watu. Kwa ile inayoguswa na bahari, sogea siku tatu hivi baada ya mwezi mpevu. Kila siku kupwa kunachelewa, na kufikia hapo kunaangukia kati ya saa sita na saa saba usiku huku maji yakiwa bado yanapwa vizuri. Una saa mbili kabla ya kupwa na saa mbili baada. Anayeshika saa awe na kazi hiyo moja tu, na neno lake likisema tokeni, watu watoke hata kama bolti imebaki moja.

Masika, yaani Machi hadi Mei, usifungue chochote. Vuli nayo iangalie. Na Ramadhani hesabu yako ya usiku inavunjika, kwa sababu mji uko macho hadi daku na maji hayatulii.

Ruhusa

Hili nitalipitia haraka kwa kuwa kila fundi analijua, ingawa si kila fundi analifanya. Mfumo ni wa mamlaka ya majisafi na majitaka, hivyo bila idhini yao wewe ni mvamizi. Barabara za mitaa ni za TARURA, barabara kuu ni za TANROADS. Nyaya za TANESCO na za simu ziulizwe kabla ya sururu. Mdomo wa baharini unagusa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ongea na NEMC, wasimamizi wa mazingira, mapema. Usalama wa wafanyakazi uko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na OSHA ndio wanaoisimamia. Mwisho kwa kutajwa, wa kwanza kwa umuhimu, ni mtendaji wa mtaa na mjumbe. Wao ndio watakaokuambia kwamba Jumamosi hiyo kuna harusi na turubai litafungwa juu ya chemba yako.

Kuingia chemba

Soma sehemu hii mara mbili.

Chemba ya majitaka ina maadui wanne wasioonekana. Haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, ni nzito kuliko hewa na hulala chini. Methani ni nyepesi, hukaa juu, na hulipuka ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kaboni monoksaidi mara nyingi tunaipeleka sisi wenyewe kwa kuweka jenereta karibu na mdomo. Wa nne ni upungufu wa oksijeni, ambao haunuki wala haukohozi. Mtu anapiga magoti tu.

Kuhusu yai viza kuna uongo unaoua. Mafundi husema, "Harufu imeisha, ingia." Haidrojeni salfaidi ikifika kama ppm 100, yaani sehemu 100 kwa milioni ya hewa, huua hisia ya kunusa kwanza. Harufu inapotea huku gesi inaongezeka. Ikifika mamia kadhaa, pumzi chache zinatosha. Pua si kipimo. Kipimo ni kifaa chenye vihisi vinne, kilichokaguliwa kwa gesi ya majaribio asubuhi ya siku hiyo.

Utaratibu ni huu. Fungua chemba yako, ya juu yake na ya chini yake, kwa zana isiyotoa cheche, hakuna sigara. Shusha mpira wa kifaa bila kugusa maji, soma juu, katikati na chini. Kisha koroga tope kwa mti mrefu na usome tena, kwa sababu gesi imefichwa ndani ya tope na mguu wa mtu ndio utakaoifungulia. Puliza hewa safi kwa feni yenye bomba linalofika chini, angalau dakika 20. Soma mara ya tatu. Oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, hewa ya kawaida ikiwa 20.9. Methani isizidi sehemu ya kumi ya kile kiwango cha kulipukia. Haidrojeni salfaidi ikigusa ppm 10, hakuna kushuka. Mimi hukataa hata ikiwa 5. Feni haizimwi mtu akiwa chini, na kifaa anashuka nacho kifuani. Usipulize oksijeni ya chupa humo kwa nia njema, maana hewa yenye oksijeni nyingi huwasha nguo kama petroli.

Anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima uliounganishwa na winchi iliyo juu ya mdomo. Juu abaki mlinzi asiyeondoka, asiyetumwa soda, asiyeshika simu. Hiyo winchi ndiyo inayoamua kila kitu: kama huwezi kumvuta mtu wima hadi nje bila mwingine kushuka, hakuna anayeshuka. Penye dari fupi au uchochoro mwembamba, funga boriti la chuma juu ya kuta mbili imara au nguzo za jukwaa, na ulijaribu kwa mfuko wa mchanga wa kilo 100 kabla ya kulikabidhi roho.

Na asitokee shujaa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilitahadharisha mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya vifo vya kwenye nafasi finyu ni vya watu walioingia kuokoa wenzao. Ndugu anamwona ndugu yake amelala chini, anaruka, wanakuwa wawili. Mwelekeze kila mtu aliyepo, pamoja na vijana wa mtaa wanaotazama: mtu akianguka, winchi inazungushwa, namba 114 ya Zimamoto inapigwa, na mdomo unalindwa.

Waliopewa kazi hii wawe wamechanjwa pepopunda na homa ya ini, na wajue homa inayotokana na mkojo wa panya. Sabuni na maji safi viwepo pale pale, si nyumbani.

Kuyakata na kuyahamisha maji

Usipige hesabu ya pampu kwa macho. Kama nyumba 200 zinamwaga kwenye bomba lako, kila moja na watu 6, kila mtu akirudisha lita 80 kwa siku, ni lita 96,000, sawa na lita 1.1 kwa sekunde kwa wastani. Asubuhi zidisha mara tatu. Leta pampu ya lita 4 kwa sekunde, na nyingine kama hiyo ikae pembeni na mafuta ndani, imeshajaribiwa. Pampu moja peke yake ni kamari.

Puto la kuzibia, lile linalojazwa upepo ndani ya bomba ili kusimamisha maji, linaonekana jepesi mikononi, likidanganya watu. Kwenye bomba la milimita 300, maji yakisimama mita 2 nyuma yake yanalisukuma kwa nguvu ya kilo 140. Kwenye bomba la milimita 600 ni zaidi ya kilo 560. Likichomoka na mtu amesimama mbele yake, hakuna cha kusimulia. Kwa hiyo puto lifungwe kwa mnyororo au ligogo la kulikingia, mtu asikae kwenye mstari wake, shinikizo lake lisomwe kila robo saa, na liondolewe baada ya kuyashusha maji yaliyo nyuma taratibu. Upande wa bahari ziba pia. Bahari haijui kuwa leo mnafanya kazi.

Kusafisha na kukagua

Ingiza mpira wa shinikizo kutoka chini kwenda juu ya mteremko, ukijivuta wenyewe mbele na kurudi na uchafu. Tope litakalotoka liende kwenye eneo lililoidhinishwa. Kulimwaga mtaroni au ufukweni Raskazone usiku wa manane ni kuhamisha kosa.

Chemba ikishakuwa safi, chukua bisibisi na ukwangue sehemu tatu: karibu na sakafu, usawa wa maji, na dari. Chini zege litakuwa gumu na bisibisi itateleza ikilia. Juu, mahali ambapo maji hayafiki, ndipo utakaposhangaa: uso mweupe kama jibini, unachimbika kwa ukucha, kokoto zinabaki zikining'inia, na nyuma yake nondo nyekundu. Sababu ni gesi ileile ya yai viza. Hutoka majini, huingia kwenye unyevu wa dari, na vijidudu huigeuza kuwa asidi ya salfa. Bandika karatasi ya kupimia asidi. Zege jipya husoma 12 au 13. Dari iliyoliwa husoma 2 au hata 1. Endelea kukwangua hadi ukute zege linalosoma 10 na zaidi, na hiyo ndiyo hesabu yako ya unene wa kuondoa.

Angalia pia kama mabomba ya zamani ni ya asbesto. Yale ya kijivu, mepesi, yenye nyuzi kwenye mvunjiko, usiyakate makavu wala kwa gurudumu la kusagia. Yaloweshe, au yaache yalipo uyavalishe bitana kwa ndani.

Kukarabati

Anza na ukuta wa kufurikia, kwa kuwa kimo chake ndicho moyo wa chemba. Kishawishi ni kuuinua ili usimwage tena baharini. Pima kwanza. Ukiinua sentimita 10, maji ya nyuma nayo yatapanda sentimita 10 na pengine kutokea chooni kwa mtu aliye bondeni. Chukua mpira mwembamba unaoona ndani, ujaze maji, ulinganishe juu ya ukuta na sakafu ya choo cha chini kabisa kwenye mstari huo. Ubaki na tofauti ya kutosha kwa maji yanayopita juu ya ukuta: ukuta wa upana wa mita 1 hupitisha karibu lita 58 kwa sekunde maji yakiwa na kina cha sentimita 10 juu yake, na karibu mara tatu ya hapo kina kikifika 20. Kama huna nafasi ya kuinua, urefushe ukuta kwenda pembeni badala ya juu; mrefu zaidi hupitisha maji mengi kwa kina kidogo.

Dari na kuta: ondoa zege lililooza, safisha nondo hadi chuma king'ae, paka kinga ya kutu, jaza kwa chokaa cha kukarabati chenye saruji inayostahimili salfeti, kisha tabaka la juu la epoksi au saruji ya aluminiamu, ambayo asidi inaila polepole zaidi. Epoksi haishiki ukuta unaolia maji, kwa hiyo ziba michirizi kwanza kwa saruji ya kukauka haraka. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi itakula nondo zako kutokea ndani.

Mabomba yenye nyufa ambayo hayajaporomoka yavalishe bitana: soksi iliyolowa gundi inavutwa au kupuliziwa ndani, kisha inaivishwa kwa maji moto, mvuke au mwanga. Hii ndiyo iliyofanya kazi za vichochoroni ziwezekane. Ila kwa joto la Tanga, gundi inaweza kuanza kuiva ndani ya gari kabla hujaishusha. Isafirishwe kwenye barafu, usiku, na bomba liwe tayari kabla soksi haijafunguliwa. Bomba lililoporomoka halivalishwi bitana; hilo linachimbwa.

Mlango wa kuzuia bahari una aina mbili. Kifuniko cha bawaba ni rahisi na cha bei nafuu, ila kipande cha ubao au ganda la nazi likikwama ukingoni, kinabaki wazi na bahari inaingia. Mdomo wa mpira, unaofanana na mdomo wa bata, hujifunga hata ukiwa umeuma uchafu, lakini unahitaji maji yasukume kidogo ndipo ufunguke, na kusukuma huko lazima kuingie kwenye hesabu ya ukuta. Ningeweka wa mpira, na ndani ya chemba badala ya ufukweni. Ufukweni chaza hujishikiza, mawimbi ya kusi yanaupiga, na mvuvi atafungia kamba ya ngalawa. Bolti zote ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Mabati ya kawaida kwenye hewa ya chumvi na gesi hayamalizi miaka mingi.

Ngazi za chuma zilizojengewa ukutani zing'oe zote, hata zinazoonekana nzima. Kutu iko ndani ya ukuta, na ngazi hukatika siku unapoitegemea. Anayeshuka aje na ngazi yake, au weka ya faibaglasi.

Kujaribu na kufunga

Ondoa puto polepole. Jaza chemba maji safi hadi juu ya ukuta, weka alama, subiri saa moja. Maji yakishuka kidogo ni saruji inakunywa, yakizidi tafuta ufa. Mwaga rangi ya majaribio kwenye chemba ya juu uone inatokea wapi na kwa muda gani. Mlango wa bahari ujaribiwe kwenye bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, kipima chumvi kikiwa upande wa ndani. Kuujaribu wakati maji yamekupwa hakuthibitishi chochote.

Mfuniko mpya usiwe wa chuma cha kuyeyusha. Wanunuzi wa vyuma chakavu wataufuata na shimo libaki wazi mtoto apite. Weka wa plastiki ngumu yenye nyuzi, wenye kufuli, uliopimwa kubeba lori kama uko barabarani. Inua ukingo wake milimita chache juu ya lami ili maji ya mvua yasiingie, na umwambie mkandarasi wa barabara kwa maandishi kwamba haufunikwi tena.

Mchoro wa mwisho uandikwe vipimo kutoka kona mbili za nyumba zisizohama, si kutoka kwenye mwembe. Nakala moja iende mamlaka, moja ofisi ya mtaa, na funguo za kufuli ziwe kwa watu wawili wanaojulikana. Mlango wa mpira ukaguliwe baada ya masika na tena kabla ya vuli. Kazi hiyo ni ya nusu saa, kutoka juu, kwa tochi, kwa hiyo iandikwe kwenye ratiba ya mtu mwenye jina.